Hajakukojolea: yanayosemwa Ujiji kuhusu buibui mrukaji

Asubuhi moja jirani alinikuta nimechuchumaa mbele ya ukuta wa uani, simu nimeisogeza mpaka inakaribia kugusa plasta. Akauliza nimepoteza nini. Nilipomwonyesha kabuibui ka kijivu, kadogo kuliko punje ya mchele, akarudi nyuma. "Baba Zuhura, achana naye huyo! Akikukojolea, kesho hilo jicho halifunguki."

Basi tuanze na mkojo, maana hiyo ndiyo dhana ninayokutana nayo kila nikitoa simu. Mtu analala mzima, anaamka na malengelenge shingoni, anatazama juu, anamwona buibui ukutani. Kesi imekwisha. Kumbe mara nyingi mhusika ni mdudu mwingine kabisa: kale kembamba, kekundu na keusi, kanakofuata taa majira ya mvua. Huyo naye haumi wala hakojoi. Ukimsaga kwenye ngozi, maji ya mwili wake yana sumu iitwayo pederini, na hiyo ndiyo inayobabua. Haiunguzi papo hapo, huchukua saa nyingi, mara nyingi hadi siku ya pili, ndiyo maana mtu hakumbuki kwamba jana alijipiga kofi shingoni. Ukimwona, mpulize aondoke, usimponde. Na yale malengelenge yenye maumivu makali yanayojipanga upande mmoja tu wa mwili kama mshipi, huo ni mkanda wa jeshi. Unatokana na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Nenda kituo cha afya mapema, ukutani hutapata dawa.

Je, buibui mrukaji anauma? Meno anayo na sumu anayo, kama karibu buibui wote, lakini ni ya saizi ya nzi. Ukimbana kwenye nguo anaweza kukuchoma, ukasikia maumivu kidogo yakapita. Wameshanitembea mkononi mara nyingi, hakuna aliyejaribu.

"Anakutolea macho, anataka kukurukia." Kukutolea macho ni kweli. Ana macho manane, lakini wanaodhani yote yana kazi moja wanakosea. Mawili makubwa ya mbele ndiyo yanayoona kwa undani, mengine hushika mwendo wa vitu kando na nyuma. Kitu kikipita pembeni, anageuza mwili mzima ili akitazame kwa yale makubwa. Hivyo akikugeukia anakukagua tu. Lenzi za macho hayo zimeganda usoni, hazizunguki kama zetu. Kinachosogea ni mirija iliyomo ndani. Ukipiga picha kadhaa mfululizo, kuna wakati jicho lililokuwa jeusi tii linang'aa kahawia, na buibui mwenyewe hajatikisika. Mara ya kwanza nilidhani lenzi yangu ina uchafu. Niliifuta kwa shati, nikaiharibu zaidi.

Kuhusu kuruka, wengi hudhani ana misuli ya panzi. Hana mapaja hayo. Hubana mwili, damu inasukumwa kwenye miguu kwa shinikizo, na miguu ya nyuma inanyooka ghafla. Kabla hajaruka hugusisha sehemu ya nyuma ya tumbo ukutani: anabandika uzi. Akikosa shabaha, ananing'inia, kisha anapanda kwa uzi wake mwenyewe.

Uzi huo unanipeleka kwa bibi yangu. Yeye haruhusu buibui auawe nyumbani, kwa kisa cha pangoni alipojificha Mtume, na sina la kumbishia. Ila husema pia kwamba ndio hawahawa wanaojaza tandabui darini. Hapo hapana. Mrukaji kwa kawaida hatandi wavu wa kunasia, huwinda kwa macho kama paka, mchana. Hariri huitumia kwa kamba ya kurukia, kwa kijifuko cha kulalia na kwa kufunika mayai.

"Haya, huwezi kumpiga picha bila kamera ya mamilioni." Hii niliiamini mimi mwenyewe kwa miaka. Leo natumia simu na kilenzi cha kubana cha kukuza vitu vidogo. Shida haiko kwenye bei. Ukikaribia kiasi hicho, sehemu inayoonekana safi ni nyembamba mno, milimita moja au pungufu, na pumzi yako tu inaiondoa. Kwa hiyo egemeza mkono ukutani, lenga macho, halafu yumba wewe taratibu mbele na nyuma huku ukipiga mfululizo. Katika picha arobaini, tatu zitakubali. Usimfunike kwa kivuli chako, njoo kwa upande. Flashi uchi humfanya aonekane amepakwa mafuta, ifunike kwa kipande cha karatasi nyeupe. Wapo wanaoshauri kumweka kwenye friji kwanza apoe. Mimi sikubali, na picha zenyewe huonyesha: miguu imejikunja, kama maiti aliyepambwa.

Wengine wakisikia napiga picha za viumbe wanauliza naenda lini Gombe. Sokwe wako pale, na boti ipo. Lakini jamii hii ya warukaji ina spishi zaidi ya 6,000 zinazojulikana duniani, kubwa kuliko jamii zote za buibui, na wangu wako uani. Kwenye mwembe, katikati ya chungu waitwao majimoto, tazama anayetembea peke yake. Hesabu miguu. Wapo warukaji wanaojifanya chungu, miguu miwili ya mbele wameinyanyua kama vipapasio.

Kuna pia habari inayozunguka kwamba warukaji wetu wanakula mbu wa malaria, hivyo chandarua si lazima. Chanzo chake ni kweli: yupo anayeitwa Evarcha culicivora, aliyepewa jina hilo mwaka 2003, na hupendelea mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Lakini anajulikana maeneo ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, wala si kila ukutani. Halafu fikiri: mbu anayemtaka ni yule aliyeshakuuma. Lala ndani ya chandarua.

Na jina? Huulizwa kila nikionyesha picha. Mara nyingi siwezi kulitaja. Spishi nyingi hutenganishwa kwa viungo vya uzazi chini ya darubini. Huyu wa uani naandika "mrukaji, ukuta wa mashariki". Juzi jirani ameanika dagaa, nzi wamejaa, nikasikia anapiga kelele ng'ambo ya ua: "Baba Zuhura, kimbia na simu, mkojozi wako kamkamata mmoja!" Nilipofika alikuwa ameshamburuza nyuma ya bati.