Kinoo na mkanda wa ngozi: kazi ya kila kimoja kwenye wembe wa kukunja

Wembe wa kukunja ni ule wenye bapa refu la chuma linaloingia ndani ya mpini, aina iliyoipa sifa miji ya Solingen, Ujerumani, na Sheffield, Uingereza. Usiuchanganye na ule wa kinyozi anayechomeka kiwembe kipya kwa kila mteja. Huo haunolewi, kiwembe kikitumika kinatupwa. Wembe wa kukunja hudumu miaka mingi, hata kurithiwa, lakini hauwezi kuishi bila kinoo na mkanda wa ngozi. Wengi wanaoanza hukimbilia vinoo kwanza, mkanda wakauona kama pambo. Mimi nasema anza na mkanda.

Sababu ni kwamba kazi zake ni mbili tofauti. Kinoo kinakula chuma: chembe zake ngumu hukwangua pande zote mbili za makali mpaka zikutane kwenye mstari mmoja mwembamba. Mkanda wa ngozi hauondoi chuma cha kuhesabika. Unausafisha na kuunyoosha ule mstari ambao ndevu na maji vimeuvuruga. Ndiyo maana mkanda hutumika kila kabla ya kunyoa, wakati kinoo kinaweza kukaa miezi kadhaa bila kuguswa.

Vinoo hutambulika kwa namba, na namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo. Kinoo cha 1000 ndicho kinachojenga makali yaliyokufa au yenye pengo. Cha 4000 au 5000 hufuta mikwaruzo ya kile cha kwanza, cha 8000 huanza kulainisha, na cha 12000 humalizia. Tatizo ni kwamba namba hizi hazilingani kati ya watengenezaji. Kwa kipimo cha Kijapani, chembe za 8000 huwa za maikroni 1.2 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kinoo cha Norton chenye namba hiyohiyo kina chembe za maikroni 3. Kwa hiyo ukilinganisha vinoo viwili vya kampuni tofauti, uliza ukubwa wa chembe kwa maikroni, namba pekee itakupotosha.

Kuna pia mawe ya asili, na hapa mapenzi yangu sitayaficha. Kutike, jiwe la manjano linalochimbwa Ardennes nchini Ubelgiji, limejaa chembe za ganeti, madini magumu. Chembe hizo ni za mviringo mviringo, hivyo hukwangua kijuujuu tu ingawa zenyewe si ndogo sana, na makali yanayotoka hapo ni mapole kwa ngozi ya uso. Ukilisugua kwa kipande kidogo cha jiwe hilohilo pamoja na maji, hutoa tope linalokula haraka. Ukiendelea kuongeza maji tope likapungua, jiwe hilohilo linageuka kuwa la kumalizia. Lakini kila jiwe la asili lina tabia yake. Anayejifunza afadhali anunue la kutengenezwa kiwandani, ajue anachopata.

Jambo lisilo na mjadala ni usawa wa uso wa kinoo. Wembe hulazwa kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, kwa sababu unene wa mgongo ndio unaoweka pembe, kwa kawaida nyuzi 16 hadi 18. Kinoo kikiwa na bonde, sehemu nyingine ya makali haiguswi kabisa. Paka wino wa maka pen kwenye ukingo wa makali, pitisha mara chache, kisha tazama penye mwanga: palipobaki wino hapajafikiwa. Bonde likionekana kwenye kinoo, kisawazishe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo.

Kwenye mkanda, mwendo unageuka. Juu ya jiwe makali hutangulia; juu ya ngozi hutangulia mgongo, na ukifika mwisho unaugeuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo, makali yakitazama juu. Ukikosea hapo unakata ngozi ya mkanda. Vuta mkanda unyooke na ukaze, kwani ukilegea hupinda na kuyaviringa makali, kisha usikandamize.

Chagua ngozi laini ya ng'ombe au ya farasi yenye upana wa sentimita 7 na nusu hivi, ibebe bapa lote kwa mara moja. Mikanda mizuri huwa na upande wa pili wa turubai au kitani: pitisha hapo kwanza, mara 20 hivi, kisha kwenye ngozi mara 50. Mkanda wa kwanza uwe wa bei nafuu, maana lazima utachanwa. Dawa ya kijani ya oksidi ya kromu isipakwe kwenye ngozi ya kila siku; hiyo inakula chuma, itafutie kipande chake.

Wembe ukianza kuvuta ndevu hata baada ya mkanda, usirudi kwenye 1000. Mara nyingi mipitisho michache kwenye kinoo cha kumalizia, kisha mkanda tena, inatosha.