Eti Myahudi hachori? Ibada na uzuri katika picha za karne ya 19

Dhana: Dini ya Kiyahudi imeharamisha picha, ndiyo maana haikuwa na wachoraji.

Wasemao hivi huisoma amri nusu. Baada ya "Usijifanyie sanamu ya kuchonga" yanakuja maneno "usivisujudie wala kuvitumikia". Kinachokatazwa ni kuabudu sanamu. Tayari katika karne ya 3, kuta za sinagogi la Dura-Europos, Syria, zilijaa picha za Musa na Daudi. Huko Ulaya kikwazo kikubwa kilikuwa milango ya vyama vya mafundi na vyuo vya sanaa, iliyofungwa kwa Wayahudi. Mchoraji Moritz Oppenheim, mzaliwa wa Hanau, Ujerumani, mwaka 1800, alipenya bila kuiacha dini yake. Mchoraji mwenzake Philipp Veit alibatizwa.

Dhana: Ibada yao ni sheria tupu, uzuri hauna nafasi.

Talmudi yenyewe, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi, inataka amri itimizwe kwa kupambwa: kibanda cha sikukuu kiwe kizuri, Torati, gombo takatifu la sheria, iandikwe kwa wino mzuri na mwandishi stadi, kisha izungushiwe hariri. Mtazame kijana katika picha aliyoichora Simeon Solomon, mchoraji Myahudi wa Uingereza, mwaka 1867: ameikumbatia Torati karibu kama mtu anavyompakata mwanawe.

Dhana: Maurycy Gottlieb, mchoraji Myahudi wa Poland, alichora tu alichokiona sinagogini.

Hii ndiyo inayonikera. Picha yake ya Wayahudi wakisali Siku ya Upatanisho (siku takatifu ya kufunga na kuomba msamaha), ya mwaka 1878, inaonyesha siku ambayo kuchora ni marufuku. Hakuna Myahudi mcha Mungu angekubali mtu asimike turubai pale. Gottlieb aliijenga kutoka moyoni. Amejiweka humo mara 3: mtoto, mvulana, na kijana aliyeegemeza kichwa mkononi huku wengine wakizama katika sala. Juu, upande wa wanawake, yumo Laura, aliyekuwa mchumba wake kabla hawajaachana.

Katikati ameketi mzee mwenye Torati. Kwenye kitambaa kinachoifunika Torati hiyo pana maandishi ya Kiebrania, kama yale ambayo familia hudarizi kumkumbuka marehemu wao. Jina lililopo ni la Gottlieb mwenyewe, naye alikuwa hai, ameshika brashi. Mwaka uliofuata alifariki Kraków, akiwa na miaka 23.