Anatomia na fiziolojia: maneno ya kwanza kwa anayetaka kuwa muuguzi

Geuza kiganja kitazame juu. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, kisha bonyeza taratibu. Kuna kitu kinadunda. (Usipimie kidole gumba, maana kina mapigo yake yenyewe na kitakuchanganya.)

Ukiuliza ni kitu gani hicho na kiko wapi, hilo ni swali la anatomia. Jibu lake: ni ateri ya radiali, mshipa wa damu unaopita juu ya mfupa karibu kabisa na ngozi, ndiyo maana unashikika kirahisi. Ukiuliza kwa nini kinadunda, umehamia kwenye fiziolojia: ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo upande wa kushoto, hujikaza na kusukuma damu kwenye aota, ateri kubwa kuliko zote, na wimbi la msukumo huo husafiri kwenye kuta za ateri mpaka hapo kifundoni. Anatomia ni umbo na mahali. Fiziolojia ni kazi na namna inavyofanyika. Vitabu huzitenganisha, lakini mbele ya mgonjwa zinakuja pamoja.

Mwili husomwa kwa ngazi. Seli ndiyo sehemu ndogo kabisa yenye uhai ya mwili wetu. Seli za aina moja zikishirikiana kazi huunda tishu, na tishu ziko za aina nne kuu: za kufunika, za kuunganisha, za misuli na za neva. Wengi hushangaa kusikia kwamba damu nayo ni tishu ya kuunganisha, ila kiowevu. Tishu mbalimbali zikikaa pamoja huwa ogani, kama moyo, ini, figo au kongosho. Ogani kadhaa zenye lengo moja huitwa mfumo: wa mmeng'enyo, wa upumuaji, wa mkojo na kadhalika.

Hapa kuna jambo linalowakwaza wanafunzi wengi, nalo ni neno letu la kila siku, "mshipa". Mtu akisema mshipa umemkaza shingoni, pengine ni msuli. Akisema mshipa unamchoma kutoka kiunoni hadi mguuni, huenda ni neva. Mshipa unaotafutwa ili kutundika dripu ni vena. Wapo pia wanaoita ngiri mshipa. Nyumbani tunaelewana, lakini kwenye faili la mgonjwa neno hilo halitoshi. Ateri hutoa damu moyoni, ina kuta nene, na ikikatwa damu huruka kwa kufuata mapigo. Vena hurudisha damu moyoni, kuta zake ni nyembamba, na nyingi, hasa za mikono na miguu, zina vali za kuzuia damu isirudi nyuma. Kapilari ni vijishipa vyembamba mno kati ya hizo mbili, na ndiko oksijeni inakotoka kwenye damu kuingia kwenye tishu. Neva haibebi damu kabisa; inapitisha taarifa. Kano hufunga msuli kwenye mfupa, na ligamenti hufunga mfupa kwa mfupa. Tofauti hizi si za kufurahisha mtihani tu: sindano ya tako ikichomwa mahali pasipofaa inaweza kuijeruhi neva ya siatiki, neva nene kuliko zote mwilini, na mtu akabaki anachechemea.

Tahadhari nyingine: usikariri kwamba ateri ni "damu safi" na vena ni "damu chafu". Ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo, kwa sababu inatoka moyoni kuelekea mapafuni. Kinachoipa jina ni uelekeo wa damu.

Neno "tumbo" nalo lina kasoro hiyo hiyo. Mgonjwa akisema tumbo linauma, anaweza kumaanisha mfuko wa chakula, utumbo, kibofu au hata mfuko wa uzazi. Mwombe aoneshe kwa kidole kimoja.

Ili mahali patajwe bila utata, kuna mkao wa anatomia: mtu amesimama wima, uso mbele, mikono pembeni, viganja vikitazama mbele. Maelezo yote hutolewa kana kwamba mgonjwa yuko hivyo, hata akiwa amelala kifudifudi. Kulia na kushoto ni kwake, si kwako unayemtazama. Kitu kilicho karibu na mstari wa katikati ya mwili ni mediali, kilicho pembeni ni laterali. Kwenye mkono na mguu, kilicho karibu na kiwiliwili ni proksimali na kilicho mbali ni distali. Goti ni proksimali kwa kisigino.

Mifupa 206 ya mtu mzima itakuja yenyewe kwa mazoezi. Ningekushauri muda wako wa mwanzo uutumie kwenye neno homeostasia, lililotungwa na Mmarekani Walter Cannon mwaka 1926. Maana yake ni juhudi ya mwili kuweka hali ya ndani karibu na kiwango kilekile, ingawa nje mambo yanabadilika. Joto likizidi sana nyuzi 37 za Selsiasi kwa sababu ya jua au kazi, unatoka jasho na mishipa ya damu ya ngozi inatanuka. Likishuka, unatetemeka ili misuli izalishe joto. Sukari ya damu ikipanda baada ya kula, kongosho hutoa insulini ya kuishusha. Ikishuka, hutoa glukagoni ya kuipandisha.

Sasa rudi kwenye vile vidole viwili. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Chukua mgonjwa anayevuja damu ndani kwa ndani: moyo unakwenda mbio na mishipa ya ngozi inasinyaa ili damu iliyobaki ifike kwenye ubongo na moyo wenyewe. Kwa muda presha yake inaweza kusomeka vizuri kabisa, huku mkono ukiwa wa baridi na mapigo chini ya vidole vyako yakiwa 120.