Nundu ya Kidole Gumba cha Mguu Inaporudi Baada ya Upasuaji

Miongoni mwa wagonjwa wanaofika katika kliniki yetu ya miguu hapa Kisumu, wapo wanaoingia wakiwa wamekata tamaa kuliko wengine. Ni wale waliokwisha kupasuliwa nundu ya kidole gumba, wakauguza jeraha kwa majuma mengi, wakapona, kisha baada ya miaka wakaona kidole kikianza tena kulalia vidole vya kando. Wengi hujilaumu kwa kuvaa viatu vya kubana, na wengine huamini kwamba mfupa uliochongwa umeota upya. Napenda kusema wazi kwamba mara nyingi kosa si la mgonjwa, na kwamba upasuaji wa pili waweza kufaulu, mradi kwanza ijulikane kwa nini ule wa awali haukudumu.

Nundu hiyo si uvimbe uliomea. Ni kichwa cha mfupa mrefu wa wayo, ule unaobeba kidole gumba, kinachojitokeza kwa sababu mfupa huo umeinama kuelekea mguu wa pili huku kidole chenyewe kikielekea vidole vidogo. Katika mguu ulio sawa, pembe kati ya mfupa huo na jirani yake haizidi nyuzi 9 hivi, na ile ya kidole gumba haizidi nyuzi 15. Daktari akichonga nundu tu na kuuacha mfupa ulivyoinama, mguu utapendeza kwa muda, lakini kano zitaendelea kukivuta kidole kando kila hatua, hadi nundu irudi.

Hiyo ni sababu kubwa, ingawa si ya pekee. Huenda mfupa ulinyooshwa vizuri, lakini kiungo kilicho nyuma yake, katikati ya wayo, kilikuwa kimelegea, ukateleza tena kila mgonjwa alipokanyaga. Huenda pia mfupa ulikuwa umejizungusha, au vile vifupa viwili mithili ya maharagwe vinavyokaa chini ya kichwa chake havikurudishwa mahali pake. Baridi yabisi huharibu viungo hata baada ya upasuaji wa ustadi, na kijana aliyepasuliwa kabla mifupa yake haijamaliza kukua yumo katika hatari zaidi.

Kwa hiyo uchunguzi haupaswi kuharakishwa. Namwomba mgonjwa asimame bila viatu, nitazame kama wayo umelala bapa na kama kidole cha pili kimepandana na kidole gumba. Kisha namketisha, naushika mfupa wa kidole gumba kwa mkono mmoja na jirani yake kwa mkono wa pili, nausukuma juu na chini. Ukicheza kupita kiasi, natambua kwamba kiungo cha nyuma kimelegea. Nakikunja kidole na kukikunjua: kikikwaruza, huenda gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, imechakaa. Natafuta mapigo ya damu mguuni, hasa kwa mwenye kisukari, maana jeraha hupona kwa taabu mahali ambapo damu haifiki vizuri. Picha ya eksirei lazima ipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Akipigwa amelala, mifupa haibebi uzito na pembe huweza kuonekana ndogo kuliko zilivyo. Mwenye picha za zamani na taarifa ya upasuaji wa kwanza azilete, kwani twahitaji kujua pia kama kuna skrubu zilizobaki ndani.

Ikiwa kiungo cha kidole gumba na kile cha katikati ya wayo vyote ni vizima na thabiti, mfupa hukatwa upya, husogezwa na kufungwa kwa skrubu. Ikiwa kiungo cha katikati ya wayo kimelegea, au pembe ni kubwa mno, mimi hupendelea kukiunganisha kiwe mfupa mmoja, njia inayoitwa kwa jina la Lapidus, daktari wa New York aliyeieleza mwaka wa 1934. Kwa kawaida kiungo hicho hakichezi sana, kwa hiyo kukifunga hakuharibu mwendo. Lakini gegedu ya kidole chenyewe ikiwa imekwisha, au mgonjwa ana baridi yabisi kali, tiba ya kutegemewa ni kukiunganisha kiungo cha kidole gumba. Wengi hushtuka kusikia kwamba hapo hapatakunjika tena. Hata hivyo, kidole kilichonyooka kisichouma humfikisha mtu mbali kuliko kinachokunjika kwa maumivu, ingawa visigino virefu itabidi kuviaga.

Mfupa huchukua majuma 6 hadi 12 kuungana, na kwa sehemu ya muda huo mguu haukanyagwi, au hukanyagwa kwa kisigino tu ndani ya kiatu maalumu. Mama anayeuza samaki sokoni Kibuye apange mapema ni nani atakayeshika meza yake, na mvutaji aache sigara kabla ya kulazwa, kwa kuwa huchelewesha mfupa kuungana. Uvimbe waweza kukaa miezi 6 au zaidi. Maambukizi, ganzi kando ya kidole na mfupa kukosa kuungana ni hatari za kweli, nazo huwa kubwa zaidi mguu unapopasuliwa mara ya pili.

Ndiyo maana nundu iliyorudi bila kuuma sishauri ipasuliwe kwa ajili ya sura. Mwenye nayo na asimame pekupeku juu ya karatasi, mtu mwingine auchore mguu wake kwa kalamu, kisha kiatu chake kiwekwe juu ya mchoro huo. Kiatu kikiwa chembamba kuliko mchoro, aanze kwa kubadilisha kiatu.