Grafu ya VVU ikipanda, uliza kwanza inahesabu nini

Kila ripoti mpya ya UKIMWI inapotoka, watu huniletea majedwali mawili, la mwaka huu na la miaka kadhaa nyuma, na swali ni lilelile: mbona namba hazioani? Kazi yangu ni takwimu za VVU, na hata sisi wa fani hii namba hizi hututoa jasho.

Tuanze na ile kubwa. Mwaka 2024 watu wanaoishi na VVU duniani walikadiriwa kuwa milioni 40.8, wengi kuliko mwaka 2010. Ukiishia hapo utadhani tunashindwa. Kumbe maambukizi mapya yalishuka kwa takriban asilimia 40 katika kipindi hicho, na vifo kwa zaidi ya nusu. Anayetumia dawa za kufubaza virusi hafi mapema, anabaki kwenye hesabu. Jumla inapanda kwa sababu watu wanaishi.

Maambukizi mapya ndiyo hasa tunayotaka kuyajua, na ndiyo yasiyohesabika moja kwa moja. Mtu huambukizwa leo, akapima baada ya miaka. Kwa hiyo nchi nyingi hutumia programu ya Spectrum, inayolishwa vipimo vya wajawazito, tafiti za kaya na taarifa za kliniki, kisha ikatoa makadirio. Data zikiboreka, makadirio hubadilika. Mwaka 2007 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, ilishusha idadi ya dunia kutoka karibu milioni 40 hadi milioni 33. India peke yake ilitoka milioni 5.7 hadi milioni 2.5, baada ya utafiti wa kaya kuonyesha kwamba vituo vichache vilivyotumika kufuatilia VVU vilikuwa vikikuza picha. Hakuna aliyepona.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kila mwaka hesabu hurudiwa tangu mwanzo wa janga. Namba ya 2010 ndani ya ripoti ya leo si ile iliyochapishwa wakati ule. Ukitaka mwelekeo, linganisha miaka iliyomo ndani ya ripoti moja. Ukichanganya ripoti mbili, unapima pia mabadiliko ya hesabu, si ya hali halisi tu.

Kwenye matibabu kuna mtego mwingine. Takwimu za dunia za 2024 zilikuwa asilimia 87-89-94: wanaojua hali zao, kati yao walio kwenye dawa, na kati ya hao waliofubaza virusi. Kila asilimia inasimama juu ya iliyotangulia. Zidisha zote tatu utapata kama asilimia 73 ya wote wanaoishi na VVU, si 94 inayopenda kutangazwa.

Na kuna wilaya utakuta zina matibabu ya asilimia 104, yaani walio kwenye dawa ni wengi kuliko wanaokadiriwa kuwa na VVU! Mgonjwa kahama bila barua ya uhamisho, kliniki mpya ikamfungulia faili na namba nyingine, ya zamani bado inamhesabu. Au anatoka wilaya jirani kukwepa macho ya majirani, akawa kwenye orodha ya huku na makadirio ya kule.

Wastani nao huficha. Afrika Mashariki na Kusini imeshusha maambukizi mno hadi inaivuta dunia nzima chini, huku yakipanda Ulaya Mashariki na Asia ya Kati, Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, na Amerika ya Kusini. Binafsi, safu ninayoifungua kwanza ni ya umri: mwaka 2024 kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 78 walikuwa kwenye dawa, kati ya watoto 55.