Lainibeka si ukuta wa nyama: dhana potofu na ukweli

"Lazima awe jitu." Lainibeka ni mlinzi wa futiboli ya Marekani anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya timu yake. Lainibeka Sam Mills alikuwa na kimo cha sentimita 175 hivi. Hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, uteuzi wa wachezaji wapya, lakini alicheza NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, misimu 12, kuanzia 1986 hadi 1997, na mwaka 2022 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri. Wengi wanaocheza katikati leo wana kilo 100 hadi 110. Wawili wanapogongana, anayeingia chini ndiye anayemwinua mwenzake, na mfupi tayari yuko chini.

"Anayetazama mpira ndiye mwerevu." Hapa ndipo wanaoanza huumbuka. Kwotabeki, anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, analipwa kuuficha mpira, basi macho yako yamwelekee gadi, mzuiaji wake wa mstari wa mbele. Akiingia mbele kwa nguvu, helmeti chini, ni mchezo wa kukimbia na mpira. Akiinuka na kurudi nyuma, ni pasi. Akichomoka kwenda pembeni, mfuate, maana njia ya mkimbiaji iko huko anakokwenda. Siku hizi zipo mbinu ambazo gadi anazuia kama wa mchezo wa kukimbia huku kwotabeki akirusha. Hata hivyo kanuni inambana gadi: kabla ya pasi ya mbele kurushwa, NFL haimruhusu kuvuka mstari wa kuanzia, pale mpira ulipowekwa, zaidi ya yadi 1, na vyuoni mwisho ni yadi 3.

Zoezi la kumsoma gadi halihitaji mpira. Watu 3 wanakuwa senta, anayempa kwotabeki mpira, na magadi wawili kando yake. Kocha anasimama nyuma ya lainibeka, aliye yadi 4 au 5 kutoka mstarini, na kuwaonyesha wale watatu ishara ya vidole. Wao wanatoka, lainibeka anapiga hatua moja sahihi, anaganda. Mara 10 zinatosha. Kosa sugu ni kurudisha mguu nyuma kabla ya kwenda mbele: hatua hiyo moja inampa mkimbiaji nafasi ya kupita. Laza kipande cha mpira wa kumwagilia maji nyuma ya visigino, akikigusa, arudie.

"Kasi ya yadi 40 inatosha." Ni mara chache atakimbia yadi 40 bila kugeuka. Panga koni 3, moja kila baada ya yadi 5. Aanzie ya kati, aende yadi 5 kulia na kugusa mstari, yadi 10 kushoto aguse tena, kisha amalizie katikati. Anayefika kwenye koni akiwa wima huteleza, kwa hiyo nyonga zianze kushuka hatua mbili kabla. Arudie mara 4 hadi 6, akipumzika dakika 2 kila mara. Miguu iliyochoka hujifunza uzito tu.

"Helmeti ni silaha." Tangu 2018, kuinamisha kichwa na kumgonga mtu kwa helmeti ni faulo ya yadi 15 NFL. Isitoshe, shingo iliyoinama hunyooka, na nguvu yote ya mgongano hupita kwenye uti wake. Anza kwa magoti, mbele ya gunia la mazoezi: macho juu, bega kwenye usawa wa paja, kichwa upande wa mgongo wa mkimbiaji, mikono ikumbatie nyuma ya magoti. Halafu simama, ongeza hatua 5 fupi za kusukuma. Mazoezi haya hayahitaji kuangushana kila siku: mkataba wa 2011 kati ya NFL na wachezaji uliweka kikomo cha mazoezi 14 ya vifaa kamili katika msimu wa kawaida.