Valvu husingiziwa mengi: dhana potofu kuhusu amplifaya za kujiundia

Amplifaya uliyoiunda mwenyewe ikianza kuvuma, kukwaruza au kunyamaza, mshtakiwa wa kwanza huwa valvu, ile chupa ya kioo isiyo na hewa inayokuza sauti. Inaonekana, inawaka, tena inachomoka kwa mkono. Ukipima kabla ya kununua nyingine, mara nyingi utakuta mkosaji ni kitu cha bei ndogo kilichojificha chini ya chasisi.

"Ukishachomoa plagi, hakuna hatari."
Naitanguliza hii kwa sababu inaua. Amplifaya nyingi za valvu hutumia volti 250 hadi 450 za DC, na kapasita za kuchuja hubaki na umeme huo hata baada ya kuzima. Ziunganishie rezista ya kuumwaga: kiloohmu 220, wati 2. Kapasita ya mikrofaradi 100 ikiwa na rezista hiyo hupoteza karibu thuluthi mbili ya volti zake kila sekunde 22, kwa hiyo ipe dakika mbili. Kisha pima kwa multimita, maana hata rezista hukatika. Na usijifariji kwa fyuzi. Hiyo inazuia transfoma isiungue. Makumi machache ya miliampea yanayoweza kusimamisha moyo hayawezi kuikata.

"Anodi ikiiva nyekundu, valvu imekufa."
Hapa ndipo pesa hupotea. Unaona doa jekundu kwenye bamba (ndiyo anodi) la EL34, aina ya valvu ya kutolea nguvu, unanunua mpya, nayo inaiva vilevile. Doa hilo linasema mkondo umezidi, na kwa kawaida umezidi kwa sababu gridi, waya wa ndani unaodhibiti mkondo, imepoteza bayasi, yaani volti hasi zinazouzuia mkondo. Mshukiwa mkuu ni kapasita ya kuunganisha hatua mbili: ikivuja, volti chanya za anodi iliyotangulia hupenya hadi kwenye gridi.

Zima, mwaga umeme, chomoa valvu ya mwisho, washa tena, upime gridi pale kwenye soketi. Katika saketi yenye bayasi ya katodi (inayotokana na rezista iliyo kwenye katodi, sehemu inayotoa elektroni), usomaji uwe sifuri; yenye bayasi isiyobadilika (inayoletwa na chanzo hasi cha pembeni), uone volti hasi zilizokusudiwa. Ukikuta volti zimesogea upande wa chanya, badilisha kapasita. Usichelewe kuzima, kwa sababu volti kuu hupanda pasipo valvu kuvuta mkondo. Kama gridi ni safi bila valvu lakini inaharibika ukiirudisha, basi sawa, safari hii valvu ina hatia.

Bayasi yenyewe haikisiwi kwa macho. Weka rezista ya ohmu 1 kati ya katodi na ethi: kila milivolti 1 utakayosoma ni miliampea 1. Bamba la EL34 linahimili wati 25. Watu wengi huliendesha kwenye asilimia 70 hivi, ambayo kwa volti 400 ni kama miliampea 44.

"Mwanga wa buluu ni dalili ya ubovu."
Buluu iliyotanda kwenye kioo haina neno. Urujuani au pinki kati ya vyuma vya ndani ndiyo ya kuogopa: kuna gesi. Na lile doa la fedha lililo ndani ya kioo likigeuka jeupe, hewa imeingia; itupe.

"Kuvuma ni tabia ya valvu."
Si kweli, na mvumo una utambulisho wake. Pale ambapo umeme wa nyumbani ni hezi 50, mvumo wa hezi 50 huelekeza kwenye waya za hita (zinazopasha valvu moto), mzunguko wa ethi (ethi iliyofungwa kwa njia zaidi ya moja) au transfoma mbili zilizokaribiana. Wa hezi 100 huelekeza kwenye uchujaji wa umeme. Sokota pamoja waya za hita za volti 6.3, uzifunge kwenye ethi kwa rezista mbili za ohmu 100, na kuigeuza transfoma moja nyuzi 90 kabla ya kutoboa matundu ni kazi ya dakika moja. Mlio mkali wa filimbi ni habari nyingine. Ukitokea mara tu unapounganisha mrejesho hasi (sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma ili kupunguza upotoshaji), badilisha nafasi za waya mbili za upande wa spika wa transfoma ya kutolea sauti: mrejesho umegeuka kuwa chanya.

"Kujaribu bila spika ni salama zaidi."
Kwa transista, ndiyo. Kwa valvu ni kinyume chake: sauti ikipita bila mzigo, volti kwenye transfoma ya kutolea hupanda kiasi cha kutoboa insuleta yake. Kama hutaki kelele, weka rezista ya ohmu 8 yenye wati za kutosha.

"Wati 10 zina sauti maradufu ya wati 5."
Tofauti ni desibeli 3 tu. Spika yenye usikivu mzuri itakupa zaidi ya hapo.

"Ukiwasha mara ya kwanza, omba Mungu."
Omba, lakini pia unganisha balbu ya waya wa moto ya wati 60 au 100 kwa mfululizo na njia ya umeme. Iking'aa kidogo kisha ikafifia, endelea kupima. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima: kuna shoti, na balbu imeiokoa transfoma yako.